Mtungi wa Nje na Mabomba ya Ndani: Sayansi ya Kuunganisha Gesi katika Barabara ya Fungurume

Kando ya barabara itokayo Likasi kwenda Kolwezi, ambayo hupita Fungurume kati ya vilima vya shaba na kobalti vya jimbo la Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, moto wa kupikia hutoka katika vyanzo vitatu visivyolingana. Chanzo cha kwanza, ambacho ndicho cha watu wengi, ni makaa ya miti ya miombo yanayouzwa kwa gunia na kuwashwa katika mbabula, yaani jiko dogo la bati lenye matundu ubavuni. Chanzo cha pili ni umeme, ambao una historia ya pekee katika eneo hili, kwa kuwa njia kuu ya umeme itokayo kwenye mabwawa ya Inga, yenye urefu wa takriban kilomita 1,700 na iliyokamilika mwaka 1982, inaishia Kolwezi, lakini ilijengwa kwa ajili ya migodi na viwanda vya shaba, si kwa ajili ya majiko ya vijiji ambavyo nyaya zake hupita juu yake. Chanzo cha tatu ni gesi ya mitungi, ambayo huagizwa kutoka nje ya nchi na kutumiwa na kambi za wafanyakazi, na baadhi ya kaya za mjini, na madereva wa malori ya masafa marefu, na wasafiri wachache wavukao bara kwa magari-nyumba kuelekea Dilolo na mpaka wa Angola.

Gari-nyumba ni gari ambalo ndani yake mmejengwa kitanda, jiko, jokofu na mara nyingi kipasha joto, na vifaa hivyo hulishwa na mfumo wa kudumu wa gesi: kabati la mitungi lenye mlango wa nje, regyuleta iliyofungwa kwenye ukuta wa kabati hilo, bomba jembamba la shaba au chuma linalopita chini ya sakafu, na koki moja kwa kila kifaa. Mfumo huo hubuniwa kwa kufuata mtungi wa nchi moja. Mtungi wa Ufaransa au wa Ujerumani ukiisha Lualaba, si rahisi kuujaza wala kuubadilisha, hivyo msafiri hununua mtungi unaopatikana hapo, ambao pengine ni mrefu mno kuingia kabatini na ambao mdomo wake haufanani na ule wa kwanza. Mtungi huo husimama chini, nje ya gari, na swali linalobaki ni mahali pa kuuunganisha na mabomba yaliyomo ndani. Jibu la swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mfumo wa gesi una pande mbili zinazotofautiana mno kwa nguvu, na kiungo kinachofaa upande mmoja kinaweza kuua kikitumika upande wa pili.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, viambata viwili vya kaboni na haidrojeni vinavyopatikana wakati wa kusafisha mafuta ghafi au kutenganisha gesi asilia. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri za Selsiasi, na butani huchemka kwenye nusu nyuzi tu chini ya sifuri, kwa hiyo katika hali ya hewa ya Katanga, eneo pana ambamo Lualaba imo, vyote viwili vingekuwa mvuke kama visingefungiwa. Ndani ya mtungi sehemu kubwa hubaki kimiminika, na juu yake hukaa mvuke unaosukuma kuta kwa nguvu inayotegemea joto na aina ya gesi, si wingi wake. Kwenye nyuzi 20, propani tupu husukuma kwa takriban bari 7 zaidi ya hewa ya nje, ambapo bari moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa yote iliyo juu ya kichwa cha mtu aliyesimama ufukweni. Butani kwa joto hilohilo husukuma kwa bari moja na kidogo. Kwenye nyuzi 40 propani hufika karibu bari 13. Kwa sababu nguvu hiyo hufuata joto na si wingi, kipimo cha mgandamizo kilichofungwa juu ya mtungi wa propani huonyesha namba ileile mtungi ukiwa umejaa au ukiwa umebakiwa na kilo moja, na ndiyo maana mizani ndiyo chombo pekee cha kuaminika: uzito wa mtungi mtupu huwa umegongwa kwenye shingo yake au kwenye mshikio, na tofauti kati ya uzito huo na uzito wa sasa ndiyo gesi iliyobaki.

Upande wa pili wa mfumo, yaani upande wa vifaa, mambo ni tofauti kabisa. Jiko la gari-nyumba la Ulaya hutengenezwa kwa mgandamizo wa milibari 30, yaani bari moja igawanywe mara elfu na zichukuliwe sehemu thelathini. Namba hiyo inaonekana wazi ikipimwa kwa maji. Ukichukuliwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ukakunjwa kama herufi U, ukatiwa maji hadi nusu na kuunganishwa na pua ya jiko, gesi ikifunguliwa itasukuma maji hadi tofauti ya kina kati ya pande mbili ifike takriban sentimita 30, urefu wa rula ya shule. Bari 7 za mtungi zingehitaji mpira wa aina hiyo wenye kimo cha zaidi ya mita 70. Kati ya rula ya shule na mnara wa mita 70 kuna kifaa kimoja tu kinachotoshea kiganjani, nacho ni regyuleta.

Ndani ya regyuleta mna kiwambo cha mpira, kipana kama kifuniko cha kopo la maziwa, ambacho juu yake hukaa springi na chini yake hupita gesi iliyokwisha kupunguzwa nguvu. Gesi inapotumika na mgandamizo wa chini kupungua, springi husukuma kiwambo, mkono mdogo ulioungwa nacho hufungua tundu la kuingizia gesi, na gesi mpya huingia. Mgandamizo unapofikia kiwango kilichowekwa, kiwambo huinuka na tundu hufungwa. Upande wa springi una kitundu kidogo kinachopumua hewa ya nje, kwa maana regyuleta hupima tofauti kati ya gesi na hewa inayoizunguka, na kitundu hicho ni sehemu ya kazi yake, si kasoro ya kiwandani. Katika kiangazi cha Lualaba, malori ya madini yanapopita kwenye njia za udongo mwekundu, vumbi hujaa kila mahali palipo na unyevu au mafuta, na kitundu kilichozibwa na tope huzuia kiwambo kusogea, matokeo yake yakiwa moto usiotulia au mgandamizo unaopanda bila kizuizi. Kwa sababu hiyo regyuleta hufungwa kitundu chake kikiangalia chini, na hufunikwa dhidi ya mvua bila kuzibwa.

Hapa ndipo sayansi inapokutana na biashara. Midomo ya mitungi duniani haikupatana. Uingereza na Afrika Kusini hutumia kwa mitungi ya propani mdomo wa nyuzi za skrubu za ndani zinazokazwa kwa kuzungusha kushoto, kinyume cha boliti ya kawaida, ili mtu asije akafunga kwa bahati mbaya kiungo cha oksijeni au hewa. Ujerumani ina nyuzi za nje, nazo pia za kushoto, zenye kipenyo chake chenyewe. Na katika Afrika Mashariki mitungi mingi ya majumbani hupokea regyuleta ya kubofya isiyo na skrubu kabisa. Hata ndani ya nchi moja umoja ulihitaji sheria, kama Kenya ilivyofanya kwa kanuni za mwaka 2009 zilizotaka mitungi ya majumbani ya kampuni mbalimbali iwe na vali za namna moja ili iweze kubadilishana. Fungurume, iliyo kwenye njia ya bidhaa za Zambia, Afrika Kusini na Tanzania, inaweza kupokea mitungi yenye midomo ya aina yoyote kati ya hizo.

Upande wa mgandamizo wa chini, kinyume chake, dunia imekaribiana mno bila kelele. Vifaa vya majumbani vya Afrika Kusini hutengenezwa kwa kilopaskali 2.8, ambazo ni milibari 28. Vya Ulaya kwa 28 au 30, na 37 kwa propani katika baadhi ya nchi. Vya Marekani kwa inchi 11 za maji, ambazo ni takriban milibari 27. Anayekosana na wenzake ni gari la zamani la Kijerumani lenye vifaa vya milibari 50, na namba hiyo huandikwa kwenye kibati kilichobandikwa ndani ya kabati au nyuma ya kila kifaa, hivyo kusoma kibati hicho ni kazi ya kwanza kabla ya spana yoyote kushikwa. Kutokana na ukaribu huo, njia iliyo bora kwa msafiri aliye mbali na nchi ya gari lake ni kununua mtungi pamoja na regyuleta ya hapohapo inayotoshea mdomo wake, kisha kuunganisha na gari upande wa mgandamizo wa chini. Mtungi na regyuleta hubaki kuwa jamaa wa nchi moja, na kinachoingia garini ni gesi tulivu ya milibari 28 au 30 ambayo mabomba ya ndani yameizoea.

Njia ya pili, ambayo hupendwa kwa sababu inaonekana ya haraka, ni kuupeleka mgandamizo wote wa mtungi hadi kwenye regyuleta iliyomo kabatini kwa kutumia mpira mrefu na viunganishi vya kubadili mdomo, pengine viwili au vitatu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kila kiunganishi huongeza nyuzi na mpira wa kuziba unaoweza kuvuja, na uvujaji wa bari 7 hauna undugu na uvujaji wa milibari 30: kupitia ufa uleule, gesi hutoka kwa wingi mara nyingi zaidi, na kama ufa uko mahali ambapo kimiminika kinafika, kila lita moja inayotoka huvimba na kuwa takriban lita 270 za gesi. Mpira mrefu wa mgandamizo wa juu una tatizo jingine lisilosemwa sana, kwamba usiku ukipoa kuliko mtungi, mvuke ndani yake huweza kurudi kuwa kimiminika na kuteremkia kwenye regyuleta, pamoja na mabaki ya mafuta mazito yanayotoka kwenye gesi na kwenye mpira wenyewe, ambayo hugandamana katika tundu dogo na kuliharibu. Watengenezaji wa magari-nyumba wa Ulaya walilijibu tatizo hilo kwa kuiweka regyuleta juu ya kimo cha mtungi na kuufanya mpira wa mgandamizo wa juu kuwa mfupi, ili chochote kinachogeuka kimiminika kirudi mtungini. Mpira wa mita tatu unaotambaa mchangani kutoka mtungi wa nje hadi kabatini huvunja mpangilio huo wote, na kwa kuwa upo nje hukanyagwa na viatu, magurudumu na mbuzi.

Kuunganisha upande wa chini nako kuna sharti lake. Magari mengi yana koki ubavuni iliyokusudiwa kutoa gesi kwa ajili ya jiko la kuchomea nyama nje, na msafiri hushawishika kuigeuza iwe mlango wa kuingizia. Baadhi ya koki hizo, hata hivyo, zina vali inayojifunga yenyewe kuelekea upande mmoja au zina tundu jembamba mno kulisha kipasha joto, na hazikuidhinishwa kwa kazi hiyo. Kinachotakiwa ni kiingilio maalumu kilichowekwa na fundi baada ya regyuleta ya ndani, chenye koki ya kutenga inayofunga njia moja wakati nyingine imefunguliwa. Koki hiyo si urembo. Ikiwa regyuleta ya ndani imewekwa kwa milibari 30 na ile ya nje kwa 28, kiwambo cha ndani kitahisi 28, kitaona kuwa mgandamizo haujatosha, na kitafungua tundu lake wazi. Kama mtungi wa ndani umeondolewa na mpira wake umeachwa ukining'inia, gesi ya nje itapita kinyumenyume katika regyuleta na kutokea kabatini, huku jiko likiendelea kuwaka vizuri bila kutoa dalili yoyote ya hasara. Koki ya kutenga, au angalau kizibo cha chuma kilichofungwa kwenye mdomo wa mpira ulioachwa wazi, huiziba njia hiyo.

Unene wa mpira nao hushangaza wengi. Jiko na kipasha joto vikiwaka pamoja kwa nguvu ya kilowati 6 hivi, hutumia karibu nusu kilo ya gesi kwa saa, na mtiririko huo ukipita katika mpira wa mita tatu wenye tundu la milimita 8 hupoteza sehemu ya milibari moja tu. Tundu likipunguzwa hadi milimita 4, hasara haizidi maradufu bali huzidi mara 16 na zaidi, kwa kuwa gesi hukimbia mara nne na msuguano wake na kuta hukua kwa kasi kubwa kuliko mwendo wenyewe, na milibari kadhaa kati ya 30 huishia njiani. Moto unapokuwa dhaifu kwa sababu hiyo, kosa la kawaida ni kutafuta regyuleta yenye nguvu zaidi, na hapo vifaa vingine vinavyowashwa peke yake hupokea mgandamizo usio wao. Mpira sahihi una maandishi yanayotaja gesi ya petroli, mgandamizo wake na mwaka wa kutengenezwa au wa kubadilishwa. Mpira wa maji wa bustani huyeyushwa polepole na propani na butani hata kama umebanwa vizuri, na haufai hata kwa usiku mmoja.

Katika maegesho ya malori kuna jiko jingine ambalo kufanana kwake na mfumo wa gari-nyumba kunapotosha. Dereva anayetoka Dar es Salaam kupitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa aghalabu huwa na mtungi mdogo wa kilo 6 wenye kichwa cha jiko kilichokazwa moja kwa moja juu ya mdomo wake, na hupika ugali kando ya trela bila regyuleta yoyote. Kichwa hicho kimeundwa kwa mgandamizo wote wa mtungi: pua yake ina tundu dogo mno, na kikoki cha pembeni huubana mtiririko kwa mkono wa mpishi anayeuangalia. Mtu anayeona kwamba mtungi huo huwaka vizuri bila regyuleta anaweza kudhani kuwa mpira ukifungwa mahali pa kichwa cha jiko gesi itaingia garini vilevile. Gesi itaingia kweli, lakini kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya ile ambayo koki, viungo na vali za jokofu ziliumbwa kuistahimili. Aliye karibu zaidi na mwenye gari-nyumba ni mpishi wa kambi ya mgodi, kwa kuwa katika kambi za namna hiyo kusini mwa Afrika mitungi ya kilo 48 hupangwa nje ya jengo, huungwa kwenye bomba moja, hupunguziwa mgandamizo hukohuko nje, na kinachopenya ukuta ni gesi ya mgandamizo wa chini. Afrika Kusini imeliweka jambo hilo katika kiwango chake cha taifa, SANS 10087, na hakuna sababu ya nyumba ya magurudumu kujengewa busara pungufu.

Tabia ya gesi hii ikishavuja ndiyo inayotoa sababu ya kabati kujengwa jinsi lilivyo. Gesi asilia ya Songo Songo, ambayo Tanzania huitumia tangu mwaka 2004 kuzalisha umeme Dar es Salaam, ni metani, nyepesi kuliko hewa, na hupaa. Propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, na butani mara mbili, kwa hiyo hushuka, hutambaa sakafuni na kutuama shimoni. Kabati la mitungi huzibwa lisipeleke hewa chumbani, lakini sakafu yake huwa na tundu la kudumu kuelekea chini ya gari, ambalo kiwango cha Ulaya cha magari hayo, EN 1949, hutaka liwe na angalau sentimita mraba 100. Tundu hilo likifunikwa kwa mkeka au gunia ili kuzuia vumbi, kabati hugeuka kuwa beseni. Propani huwaka ikiwa imechanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya takriban asilimia 2 na 9.5, na kilo moja hutoa zaidi ya nusu mita ya ujazo ya gesi, ambayo yatosha kuifikisha hewa ya chumba cha mita za ujazo 25, ambacho ni ukubwa wa gari-nyumba zima, kwenye mpaka wa chini wa kulipuka. Harufu kali ya kitunguu kilichooza inayosikika si ya gesi yenyewe, ambayo haina harufu, bali ni ya kemikali yenye salfa inayotiwa kwa makusudi, na pua ya mtu aliyelala haiwezi kutegemewa kuinusa. Mtungi wa nje husimama wima, mbali na shimo la maji machafu, mbali na mbabula ya jirani na mbali na dirisha la chini la gari.

Kusimama wima kuna sababu ya kifizikia. Mfumo umejengwa kupokea mvuke, na mtungi ukilazwa kimiminika huingia kwenye vali na kupita katika regyuleta. Mvuke unapotoka, kimiminika kilichobaki hulazimika kuchemka ili kuuziba upungufu, na kuchemka huko huhitaji joto ambalo huchotwa kutoka mtungini na hewani, kama vile mtungi wa udongo unavyoyapoza maji kwa jasho lake. Kwa matumizi ya nusu kilo kwa saa, joto linalohitajika ni karibu wati 50 mfululizo, na mtungi mdogo wa chuma usiku wa Juni au Julai, wakati joto la uwanda wa juu wa Katanga huweza kushuka chini ya nyuzi 10, hauwezi kuchota kiasi hicho bila kupoa wenyewe. Mstari wa umande hutokea ubavuni mwa mtungi ukionyesha kimo cha kimiminika, mgandamizo huteremka, na kama gesi ina butani nyingi, moto hufifia kabla ya mtungi kuisha, kwa sababu propani hutangulia kutoka na kuacha butani nyuma. Kuumwagia mtungi maji ya uvuguvugu ni ruhusa. Kuuwekea makaa au moto chini yake ni kuandaa msiba.

Mwinuko nao una la kusema. Fungurume na Kolwezi ziko kwenye uwanda wa kati ya takriban mita 1,200 na 1,450 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa husukuma kwa milibari 850 hadi 880 badala ya 1,013, na maji huchemka karibu na nyuzi 95 au 96, jambo linalofahamika kwa kila anayepika maharagwe huko. Butani hupata nafuu ndogo, kwa kuwa nayo huchemka mapema zaidi, lakini moto hupungukiwa oksijeni kwa asilimia 13 hadi 16 katika kila ujazo wa hewa. Moto wa samawati ukianza kuwa na ncha za njano na sufuria ikashika masizi, kuungua hakukamiliki na kaboni monoksidi inatoka, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo hukamata chembechembe nyekundu za damu na kuzizuia kubeba oksijeni. Dirisha la paa la gari-nyumba huachwa wazi kidogo jiko linapowaka, hata kama usiku ni wa baridi, na mbabula haiingizwi garini kwa sababu yoyote, kwani makaa hutoa kaboni monoksidi kwa wingi kuliko jiko la gesi lililo katika hali nzuri.

Oktoba, mwezi wa joto kali kabla ya mvua, huleta hatari iliyo kinyume. Propani kimiminika huvimba kwa haraka inapopata joto, mara nyingi kuliko maji, na mtungi unaosimama juani huweza kupata joto kali hata chuma chake kisishikike. Kwa ajili hiyo mtungi hujazwa takriban asilimia 80 hadi 85 tu ya ujazo wake. Anayehamisha gesi kwa mpira kutoka mtungi mkubwa uliopinduliwa kwenda mdogo, bila mizani, hana njia ya kujua alipofika. Mtungi ukishajaa kimiminika hadi juu, hapabaki mvuke wa kunywea upanuzi, na kila nyuzi moja ya joto huongeza bari kadhaa hadi vali ya usalama ifunguke au chuma kishindwe. Mtungi unaonunuliwa hupimwa mbele ya mnunuzi, na ukizidi jumla ya uzito mtupu na kilo zilizoandikwa, haubebwi.

Mabomba ya ndani, kwa upande wake, yana uhusiano wa karibu na ardhi ya Fungurume, kwa kuwa vibao vya shaba safi vinavyopakiwa kwenye malori ya barabara hii ndiyo malighafi ya mirija ya aina hiyo. Shaba hupendwa kwa sababu hupindika bila kupasuka, haishiki kutu kama chuma, na hukazwa kwa pete laini ya shaba njano inayobanwa na nati hadi ikaushika mrija pande zote. Lakini shaba inayotikiswa kwa muda mrefu hukakamaa na hatimaye huchanika, kwa kawaida karibu na kiungo, hivyo mrija hufungwa kwa vibanio kila baada ya umbali mfupi, na safari ya siku kadhaa kwenye barabara yenye mawimbi ya udongo ni sababu tosha ya kuupima upya. Upimaji wa kwanza ni wa povu: vali ikiwa imefunguliwa na vifaa vyote vimezimwa, kila kiungo hupakwa kimiminika cha kutafutia uvujaji, na mapovu yanayokua polepole huonyesha mahali pa kosa. Kimiminika chenye amonia hakifai, maana amonia hupasua shaba njano iliyokazwa. Upimaji wa pili ni wa mpira wa maji uliotajwa juu, ambapo mfumo hujazwa, vali ya mtungi hufungwa, na kina cha maji huangaliwa kwa dakika kadhaa. Kikishuka huku joto halijabadilika, kuna tundu mahali fulani hata kama povu halikuliona. Ujerumani hutaka fundi aliyeidhinishwa aukague mfumo wa gari-nyumba kila miaka miwili.

Wakati wa kuondoka, vali ya mtungi wa nje hufungwa kwanza huku jiko likiwaka, ili gesi iliyobaki mpirani iishe motoni, na moto ukizimika wenyewe ndipo koki ya kutenga hufungwa na mpira huondolewa na kuzibwa pande zote mbili dhidi ya vumbi na wadudu, ambao hupenda kujenga katika matundu madogo. Mtungi wa nje hausafiri ukiwa umeunganishwa, na haubebwi ndani pamoja na abiria. Msafiri anayeshika njia ya Kolwezi na Kasaji hadi Dilolo, akavuka mpaka na kuingia Luau, atakutana na mitungi ya Angola ya kilo 12. Kama mdomo wake hautakubaliana na regyuleta aliyoinunua Lualaba, atanunua nyingine ya milibari 28 au 30 sokoni huko, ataifunga juu ya mtungi mpya, ataipaka povu mishono iliyobadilika, na mabomba yaliyo chini ya sakafu hayataguswa.